Krediti za fildi: shajara ya kuijenga upya kozi ya wanafunzi wa sheria

4 Juni

Kamati ya mitaala imenikabidhi rasmi: kozi ya fildi iandikwe upya, ijaribiwe na kundi dogo muhula wa Agosti, kisha ipigiwe kura kabla mwaka haujaisha. Hii ndiyo kozi inayompeleka mwanafunzi wa sheria akafanye kazi kwenye ofisi ya jaji, kwa mwendesha mashtaka, kwa mawakili wa utetezi wa umma, kwenye shirika la msaada wa kisheria au idara ya serikali, akarudi na krediti zinazohesabika kwenye JD, shahada ya sheria ya kuingilia uwakili huku Marekani. Naandika shajara hii kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma sheria huku Marekani, au wanaojiandaa kuja. Maswali yao yananifikia kila mwaka na mengi yanahusu jambo hilihili: krediti zinapatikanaje kwa kazi iliyofanywa nje ya darasa, na nani hasa anazitoa.

Naanzia kwenye hilo la nani anazitoa. Utaratibu tuliourithi uko hivi: mwanafunzi anatafuta ofisi, anafanya kazi muhula mzima, msimamizi anaandika barua ya aya mbili kwamba kijana ana bidii na nidhamu, msajili anaingiza krediti. Hapo krediti zimetolewa na ofisi, chuo kimegonga muhuri tu. Mwanafunzi amezilipia ada sawasawa na za somo la mikataba, na hakuna mwalimu aliyekaa naye hata kipindi kimoja kuzungumzia alichokiona kule. Jambo hili linaniuma. Tukimaliza kazi hii, nataka kila krediti iwe na mwalimu anayeweza kueleza mwanafunzi alijifunza nini.

Msingi wa yote ni viwango vya ithibati vya Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA. Kiwango cha 303 kinamtaka kila mwanafunzi wa JD apate angalau krediti 6 za masomo ya vitendo kabla ya kuhitimu. Njia ni tatu: kozi za kuigiza kazi ya uwakili, kliniki ya sheria (ofisi ya chuo ambamo wanafunzi huhudumia wateja halisi), na fildi. Kliniki naiheshimu sana, ila mwalimu wa kliniki anabeba wanafunzi wachache kwa sababu mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wakili wa wale wateja. Fildi inachukua wengi zaidi, na kwa kuwa inachukua wengi, ni rahisi chuo kuiacha ijiendeshe yenyewe.

11 Juni

Leo nimeshinda na msajili tukipiga hesabu. Kiwango cha 310 kinaipima krediti moja kwa dakika 50 za darasani na dakika 120 za kazi ya nje ya darasa kila wiki, kwa wiki 15, au kazi nyingine ya kiasi hichohicho. Jumla ni dakika 2,550, yaani saa 42 na nusu. Kwenye fildi saa zote hizo ni za kazi. Krediti 3 ni saa 127 na nusu, krediti 4 ni saa 170, krediti 6 ni saa 255. Mwanafunzi wa krediti 3 anayekuwa ofisini kwa wiki 13 anahitaji karibu saa 10 kila wiki, ambayo ni siku moja nzima na kipande cha siku nyingine. Ratiba ya mwaka wa pili inalimeza hilo bila shida. Saa 20 kwa wiki huanza kugongana na masomo mengine.

Kazi ilikuwa kuamua saa ipi ni saa. Safari ya kwenda na kurudi tumeitoa. Chakula cha mchana tumekitoa, isipokuwa pale ambapo msimamizi ameitisha mazungumzo ya kikazi mezani. Tulichobishania muda mrefu ni kusubiri. Kwenye mahakama za jinai wakili anaweza kukaa asubuhi nzima akingoja kesi yake iitwe, na msajili alitaka saa hizo zisihesabiwe. Nimemkatalia. Mwanafunzi aliyekaa benchi moja na wakili anamwona akizungumza na mwendesha mashtaka kwenye korido, akimtuliza mama wa mshtakiwa, akibadili ombi lake baada ya kusikia jaji alivyoamua kesi mbili zilizotangulia. Makubaliano mengi ya kukiri kosa huanzia kwenye korido hizo, na hakuna kitabu kinachoyafundisha vizuri. Tumeafikiana kwamba saa za kusubiri zinahesabiwa mradi mwanafunzi yuko pamoja na wakili na amelisoma faili kabla ya kufika.

Nimeshikilia pia maneno ya Kiwango cha 304, kwamba krediti ziendane na muda na juhudi pamoja na ubora wa elimu unaotarajiwa. Walioandika kiwango hawakuishia kwenye saa. Anayemaliza saa 170 akiwa anapanga makaratasi ametimiza muda, lakini bado hajatimiza masharti ya krediti.

Semina itakuwa na krediti yake moja na itapewa daraja. Krediti za fildi zenyewe zitabaki za kufaulu au kutofaulu, maana sitaki msimamizi ajikute anapigiwa simu na mwanafunzi anayelilia B+.

20 Juni

Kuna kikomo ambacho wanafunzi wengi hukigundua wakiwa wamechelewa, kwa hiyo kimepata ukurasa wake kwenye mwongozo mpya. Kiwango cha 311 kinataka shahada ya JD iwe na krediti zisizopungua 83, na kati ya hizo angalau 64 zitokane na vipindi vya darasani au mafundisho ya moja kwa moja ya mwalimu. Kliniki na kozi za kuigiza zinaingia kwenye hizo 64. Fildi haiingii. Kwa anayehitimu na 83 kamili, zinabaki 19 tu za kila kitu kilicho nje: fildi, jarida la sheria, mashindano ya mahakama ya kuigiza, na masomo yaliyochukuliwa kwenye idara nyingine ya chuo.

Chukua mwanafunzi aliyefanya fildi ya krediti 4 mwaka wa pili, akapata 4 za jarida la sheria, na sasa anataka muhula mzima wa fildi wa krediti 12. Amefika 20. Atalazimika kusoma krediti moja ya ziada darasani, ahitimu na 84, au apunguze fildi. Ni jambo la kurekebisha kwa dakika chache likionekana mapema. Likionekana Aprili ya mwaka wa mwisho, mtu anakosa kuhitimu na wenzake. Kuanzia sasa fomu ya maombi itakuwa na kisanduku ambamo msajili anajaza krediti za nje zilizokwisha kutumika, kabla mwalimu hajasaini.

9 Julai

Rasimu ya makubaliano ya pande tatu imekamilika. Kiwango cha 304 kinadai maelewano ya maandishi kati ya mwanafunzi, mwalimu na mtu mwenye mamlaka kwenye ofisi inayompokea. Ya zamani ilikuwa na nusu ukurasa: jina, tarehe, sahihi. Mpya inataja aina ya kazi atakazopewa mwanafunzi, nani atasoma rasimu zake, maoni atayapata baada ya muda gani, na nani atashika nafasi ya msimamizi akiwa likizo au kwenye kesi ndefu. Kifungu cha msimamizi mbadala nimekipigania. Mawakili wa utetezi wa umma hupotelea kwenye kesi moja kwa wiki kadhaa, na mwanafunzi asiye na mtu wa kumuuliza huishia kujifunza kukaa kimya.

Ofisi mbili za majaji zimesita kusaini. Hofu yao ni kwamba chuo kikiomba kujua kazi za mwanafunzi, kitakuwa kimechungulia mashauri ambayo hayajaamuliwa. Hofu hiyo ni halali kabisa. Nimeongeza sentensi inayosema chuo hakitaomba wala kupokea waraka wowote wa ofisi ya jaji, na kwamba tathmini ya mwalimu itategemea semina, mazungumzo na maoni ya msimamizi. Majaji wote wawili wamekubali. Mmoja ameomba sentensi hiyo ipelekwe kwenye kila makubaliano, hata ya ofisi zisizo za mahakama, nami nimeona ana haki.

25 Julai

Suala la malipo. Nilijua litachukua siku nzima na limechukua zaidi.

Kwa miaka mingi viwango vya ABA vilikataza mwanafunzi kupata krediti kwa fildi ambayo pia analipwa. Katazo liliondolewa Agosti 2016, na kila chuo kikaachiwa kuamua chenyewe. Chuo chetu kilibaki na katazo kwa mazoea tu, bila kulijadili.

Walimu wanaopinga malipo wana hoja ambayo sitaki kuipuuza. Ofisi ikilipa, inamwona mwanafunzi kama mfanyakazi wake. Ikimwona kama mfanyakazi, itampa kazi inayoiingizia fedha kuliko inayomfundisha, na mwalimu akipiga simu kulalamika ataambiwa kwa adabu kwamba anayelipa ndiye anayepanga. Kiwango cha 304 chenyewe kinataka chuo kiwe na udhibiti wa kutosha wa kile mwanafunzi anachopitia. Udhibiti huo unalindwaje mbele ya mwajiri?

Upande wangu niliueleza hivi. Wako wanafunzi ambao hawawezi kabisa kutoa saa 10 kwa wiki bila kipato, kwa sababu saa hizo ndizo wanazozitumia kufanya kazi ya kulipia pango na kulea watoto. Katazo linawafungia nje ya fildi, kisha baadaye wanaulizwa kwenye usaili wa ajira kwa nini hawana uzoefu. Udhibiti wa chuo unatokana na makubaliano, semina na mwalimu anayefuatilia. Ofisi isiyolipa inaweza kumtumia mwanafunzi vibaya vilevile, na nimeona ikitokea.

Lipo pia suala la sheria ya kazi, ambalo wanafunzi huliacha kwa walimu na walimu huliacha kwa mawakili wa chuo. Sheria ya shirikisho ya viwango vya haki vya kazi, ya mwaka 1938, inataka mfanyakazi alipwe kima cha chini. Je, mwanafunzi ni mfanyakazi? Katika kesi ya Glatt ya mwaka 2015, iliyohusu wanagenzi wasiolipwa, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili ilisema iangaliwe nani ananufaika zaidi, mwanafunzi au mwajiri, na Wizara ya Kazi ikakichukua kipimo hicho Januari 2018. Kina vigezo saba, kimojawapo kikiwa jinsi kazi inavyofungamana na masomo kwa njia ya kozi au krediti. Krediti inasaidia, ila haitoshi peke yake. Kampuni ya uwakili inayotafuta faida haiwezi kumtwisha mwanafunzi kazi za wateja wanaolipa, ikasema hatudaiwi kitu kwa sababu chuo kinampa krediti. Mwaka 2013 Wizara ya Kazi iliiandikia ABA kwamba mwanafunzi asiyelipwa kwenye kampuni ya namna hiyo ashughulikie mashauri ya kujitolea tu, yale ambayo kampuni haitozi ada. Kwa ofisi za serikali na mashirika yasiyo ya faida, sheria inaacha nafasi pana zaidi ya kujitolea.

Pendekezo letu sasa linasema hivi: malipo yanaruhusiwa popote, masharti ya elimu ni yaleyale kwa anayelipwa na asiyelipwa, na kwenye kampuni za faida mwanafunzi alipwe au afanye mashauri ya kujitolea peke yake. Kamati imelipitisha kwa kura chache za tofauti. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha mle kikaoni.

14 Agosti

Kundi la majaribio limejaa. Wengi wako wa mwaka wa pili, wachache wa tatu.

Mchana alikuja binti mmoja wa Afrika Mashariki, mwaka wa pili wa JD, amepata nafasi kwenye shirika linalowatetea wapangaji wanaofukuzwa kwenye nyumba. Yuko hapa kwa viza ya F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni.

“Mwalimu, kwani kama silipwi bado nahitaji kibali?”

“Unahitaji, dada. Utaratibu wa chuo ni kwamba hakuna anayeanza fildi bila kibali, awe analipwa au halipwi. Na tarehe ya kibali itangulie siku yako ya kwanza kazini.”

Kibali chenyewe kinaitwa CPT, mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya mtaala. Hapa ndipo krediti zinapomsaidia mwanafunzi wa kigeni kwa namna ambayo wenzake wenyeji hawaifikirii: CPT hutolewa kwa kazi iliyo ndani ya mtaala wa chuo, na kozi ya fildi yenye krediti ndiyo inayoonyesha kwamba kazi hiyo imo. Anayeidhinisha ni ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, na idhini huandikwa kwenye fomu ya I-20, hati ya chuo inayoonyesha hadhi ya mwanafunzi wa kigeni, ikitaja mwajiri, tarehe na kama ni muda wote au nusu. Hadi saa 20 kwa wiki ni nusu muda. Anayefikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote katika ngazi moja ya masomo hupoteza haki ya OPT, ule muda wa kufanya kazi baada ya kuhitimu, na kwa hiyo nawasihi wote wabaki nusu muda wakati wa muhula.

Kwa wanaokuja kusoma LL.M., shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, habari si nzuri. Kwa kawaida CPT inataka mtu awe amemaliza mwaka mzima wa masomo kwanza, na kwa LL.M. mwaka huo ukiisha shahada nayo imeisha. Njia yao iliyo wazi zaidi ni kliniki ya chuo yenyewe, au OPT baada ya kuhitimu. Naandika hili wazi kwa sababu nimekutana na watu waliolipa ada ya LL.M. wakiamini watafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili kuanzia muhula wa kwanza. Uliza chuo kabla ya kulipa.

6 Septemba

Semina imeanza, na mjadala wa kwanza ulikuwa wa siri za wateja.

Chuo kinatakiwa kumpa mwanafunzi tafakuri inayoongozwa na mwalimu, tena wakati uleule anapofanya kazi. Kwa hiyo kila mmoja anaandika shajara fupi kila wiki. Lakini Kanuni ya 1.6 ya maadili ya mawakili inalinda taarifa zote zinazohusu uwakilishi wa mteja, na mwanafunzi aliye chini ya wakili anabeba wajibu huohuo. Mimi siko ndani ya ofisi ile. Wanafunzi wenzake kwenye semina hawako ndani ya ofisi ile. Kufuta jina la mteja peke yake hakutoshi pale ambapo kesi ilitangazwa kwenye habari, au mji una kesi moja tu ya aina hiyo.

Tulitumia kipindi chote kutafuta namna ya kuandika bila kuvujisha. Zoezi lilikuwa kuchukua tukio moja na kuliandika upya mpaka libaki na uamuzi wa wakili tu. “Mteja wetu alikataa kukubali masharti ya mwendesha mashtaka kwa sababu ya mgonjwa aliye nyumbani” bado ina mteja ndani yake. “Nilimwona wakili akieleza masharti mara tatu kwa maneno tofauti, kisha akanyamaza na kumwacha mtu aamue, ningekuwa mimi ningeendelea kusema” inamhusu mwanafunzi na wakili, na ndiyo yenye somo. Nilitaka waone kwamba siri ya mteja haiui tafakuri. Inaisukuma iende mahali pazuri zaidi, kwenye maamuzi.

Swali ninalowapa kila wiki ni moja: taja uamuzi mmoja wa wakili ambao ungeuamua tofauti, na useme ungehitaji kujua nini zaidi kabla ya kuamua hivyo. Majibu ya wiki ya kwanza yalikuwa ya heshima tupu. Kila wakili alikuwa hodari. Nawapa muda.

27 Septemba

Majibu yameanza kuwa na nyama. Mwanafunzi aliye kwa mwendesha mashtaka ameandika jinsi alivyoombwa kupendekeza kama shauri dogo lifutwe, na jinsi alivyogundua hana kipimo chochote cha kupendekezea zaidi ya huruma. Semina nzima ikahamia kwenye hiari ya mwendesha mashtaka: inaandikwa wapi, nani anaikagua, nani anaumia isipokaguliwa. Wale walio upande wa utetezi walimuuliza maswali makali, naye akajibu kwa utulivu. Somo hili la sheria ya jinai nimelisoma na kulifundisha, na sijawahi kulisikia likizungumzwa kwa uzito huo darasani.

Kipindi hicho kimeleta pia suala la mgongano wa maslahi. Mwanafunzi mmoja alitaka kujiunga Januari na kliniki yetu ya utetezi wa jinai huku akiendelea kwa mwendesha mashtaka wa kaunti ileile. Hapana. Hata baada ya kuondoka, atalazimika kutengwa na mashauri aliyoyagusa. Maelezo ya Kanuni ya 1.10 yanasema kazi aliyoifanya mtu akiwa mwanafunzi haiizuii kampuni nzima atakayojiunga nayo baadaye, ila yeye mwenyewe kwa kawaida awekwe mbali na shauri hilo. Nimewaagiza wote waweke orodha ya mashauri waliyoyafanyia kazi, ibaki ofisini kwa msimamizi, wasije nayo chuoni.

15 Oktoba

Ziara za ofisini. Kiwango kinaruhusu mawasiliano ya njia nyingine pia, lakini ukifika mwenyewe unaona mwanafunzi amewekwa wapi, na hilo linasema mengi. Kwenye shirika la wapangaji, meza ya yule binti iko ndani ya chumba cha mawakili. Anasikia kila simu. Msimamizi wake amenionyesha, bila jina la mtu, namna anavyotoa maoni: anarudisha rasimu ikiwa na maswali pembeni badala ya kuisahihisha, kisha wanakaa pamoja dakika ishirini. Nimemwomba aje kuzungumza na wasimamizi wengine, kwa sababu chuo kinatakiwa kuwafunza wasimamizi na mimi sioni wa kuwafunza vizuri kuliko mwenzao.

Kwenye ofisi nyingine hali ilikuwa tofauti. Mwanafunzi amewekwa chumba cha mafaili na tangu Septemba anaingiza nyaraka kwenye mashine ya skani. Karatasi yake ya saa imejaa, imesainiwa, haina dosari. Kwa utaratibu wa zamani angepata krediti zote. Nilikaa na msimamizi, nikamfungulia makubaliano aliyosaini, ukurasa wa kazi. Alisema ofisi imepungukiwa na watu. Namwamini, na bado mwanafunzi hawezi kuwa jibu la upungufu huo. Tumempa wiki mbili. Kama hakuna utafiti wa kisheria wala uandishi atakaopewa, mwanafunzi anahamia ofisi nyingine, na saa za skani hazihesabiwi zaidi ya zile tulizoruhusu za kuzoea ofisi.

31 Oktoba

Amehamishwa. Ofisi mpya ilimpokea siku ileile, na saa alizopoteza atazifidia mpaka wiki ya mitihani. Mwalimu wake wa somo jingine ameridhia.

Wawili wamepata vyeti vya kusimama mahakamani kama wanafunzi. Kila jimbo lina kanuni yake: zinatofautiana kuhusu krediti ambazo mwanafunzi awe amemaliza, kuhusu ridhaa ya mteja, na mashauri ambayo lazima wakili awe pembeni yake. ABA ilitoa kanuni ya mfano mwaka 1969, na majimbo yameichukua kwa namna tofauti. Nimewasisitizia wote: soma kanuni ya jimbo ulilopo, usiulize rafiki aliye jimbo jingine.

18 Novemba

Tathmini za mwisho zinaingia. Fomu ya zamani ilimuuliza msimamizi kama mwanafunzi ni mchapakazi. Mpya inamwomba aeleze rasimu moja ya mwanzo wa muhula na moja ya mwisho, na aseme kilichobadilika. Wasimamizi wameandika kurasa. Mwanafunzi naye anajibu swali hilohilo bila kuona majibu ya msimamizi, kisha tunakaa watatu. Katika vikao vingi walikubaliana. Katika kimoja mwanafunzi alijiona dhaifu kwenye mahojiano na wateja, wakati msimamizi alimwona kuwa ndiye bora kati ya wote aliowahi kupokea. Hakuwahi kumwambia. Amemwambia mbele yangu, na kijana alishindwa kujibu kwa muda.

Anayekusudia kufanya mtihani wa uwakili New York azingatie hili: tangu 2015 jimbo hilo linamtaka mwombaji awe na saa 50 za kazi ya kujitolea ya kisheria. Saa za fildi yenye krediti zinaweza kuhesabiwa, iwapo kazi ilikuwa ya kuwahudumia wasio na uwezo, au ilifanywa kwenye shirika lisilo la faida, ofisi ya serikali au mahakama, chini ya usimamizi unaokubalika. Mwombaji ndiye anayeapa, lakini msimamizi lazima athibitishe saa hizo kwenye fomu, kwa hiyo isainiwe kabla hujaondoka, msimamizi akiwa bado anakukumbuka na bado yuko ofisi hiyo.

12 Desemba

Kikao cha walimu kimepiga kura. Semina ya lazima imepita bila kupingwa. Makubaliano mapya yamepita. Malipo yamepita, pamoja na sharti nililokubali: baada ya miaka miwili tulinganishe kazi walizopewa waliolipwa na wasiolipwa, tuone kama hofu ya udhibiti ilikuwa na msingi. Nitaanza kukusanya maelezo hayo Januari, nisisubiri mwaka wa pili.

Kikomo cha wanafunzi kwa kila mwalimu wa semina hakikupita. Niliomba 12, kikao kikataka kwanza kijue gharama. Hilo sitaliacha. Mwalimu mwenye shajara 30 za kusoma kila wiki ataanza kuzipitisha bila kuzisoma, na barua ya aya mbili itakuwa imerudi, safari hii ikiandikwa na sisi. Ofisi ya fedha itanipa makadirio Januari 20, na kamati inakutana wiki inayofuata. Wasimamizi wanne wamekubali kuja kuzungumza kwenye kikao hicho, mmoja wao yule wa shirika la wapangaji.

Maombi ya muhula wa Januari yamefungwa jana. Fomu zote zina kisanduku cha msajili kilichojazwa. Wanafunzi wawili wameonekana watavuka 19, na wote wawili wameshabadilisha ratiba.